Malisho ya Mji



Wapendwa wasikilizaji, sisi wa Mafia tumezungukwa na bahari pande zote, na huenda ikaonekana ajabu tukizungumzia nyasi. Hata hivyo, leo tuvuke kwa fikra hadi Nairobi. Ndani ya mipaka ya jiji lile, kilomita 7 hivi kutoka katikati yake, ipo nyika ya kilomita za mraba 117, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1946. Simba, vifaru na twiga huishi humo, na nyuma yao huonekana majumba marefu.

Hifadhi hiyo ina uzio pande tatu. Upande wa kusini, uliko mto Mbagathi, uliachwa wazi, kwa kuwa nyumbu na pundamilia hutoka wakati wa mvua kwenda kula katika nyanda za Kitengela, kisha hurudi kiangazi wakifuata maji. Lakini nyanda zile zina wenyewe. Mwaka hata mwaka zimekatwa viwanja na kujengwa nyua, na nyumbu wamepungua sana.

Maandiko Matakatifu yanalijua jambo hili. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 35, Mungu aliagiza Walawi wapewe miji 48, na kila mji uwe na malisho kuuzunguka, dhiraa 2,000 kila upande. Tena Mambo ya Walawi, sura ya 25, hukubali nyumba ya Mlawi iuzwe na kukombolewa, bali malisho ya mji yasiuzwe kamwe. Nyumba ni ya mtu mmoja. Malisho ni ya wote, hata wa wale ambao hawajazaliwa.

Lakini tusifanye haraka kuwalaumu wenye ardhi. Wamasai walilisha mifugo yao katika nyika ile kabla haijaitwa hifadhi. Simba akiua ng'ombe, hasara ni ya mfugaji, na sifa ni ya taifa. Ndiyo maana kuanzia mwaka 2000 baadhi ya wenye ardhi wa Kitengela walilipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka, ili wasijenge uzio wala kuuza. Fedha hizo ni chache, lakini zina haki ndani yake: abebaye mzigo kwa ajili ya wote, asaidiwe na wote. Papa Fransisko naye, katika waraka wake wa mwaka 2015, alitufundisha kuwa kilio cha dunia na kilio cha maskini havitengani.

Malisho yetu sisi ni bahari. Tangu mwaka 1995 tunayo Hifadhi ya Bahari, ya kwanza nchini, na vijiji vyetu vimo ndani yake. Mvuvi anayetii sheria huenda akarudi na samaki wachache kuliko yule aliyevunja sheria. Je, tunaponunua kitoweo tunauliza kimevuliwaje? Je, baba anapouza shamba la pwani, amewauliza mkewe na wanawe? Na tunapokaa na ndugu zetu Waislamu, walio wengi kisiwani, je, tunalisemea jambo hili pamoja?

Jumuiya ndogondogo zilizungumze wiki hii, na zimtazame kwanza mvuvi aliye mwaminifu na mwenye njaa. Huyo asiachwe peke yake.

Mungu awabariki nyote. Amina.