Daftari la Mkandarasi na Mali ya Umma



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi wa kompyuta na wahasibu: namna ya kuondoa programu za kompyuta zilizopitwa na wakati katika kampuni za ujenzi na kuweka mpya mahali pake. Huenda baadhi yenu mnajiuliza jambo hili linamhusu nini mwalimu wa shule ya msingi au ofisa wa halmashauri. Linawahusu sana. Barabara, hospitali, madarasa na nyumba za walimu hujengwa kwa fedha za wananchi, na wanaozijenga ni wakandarasi. Hesabu za mkandarasi zikivurugika, kazi husimama. Na mtoto anayeendelea kusoma chini ya mti si mtoto wa mkandarasi.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani daftari la mkandarasi lilikuwa kitabu chenye jalada gumu kilichofungiwa kabatini. Leo daftari hilo limo ndani ya kompyuta. Humo zimo bei za saruji, nondo na kokoto. Mahudhurio na mishahara ya wafanyakazi. Michoro, hati za malipo, na mikataba ya wakandarasi wadogo. Kuna tofauti moja ambayo hatuna budi kuielewa. Daftari la karatasi likichakaa, kila mtu huona kurasa zikichanika. Programu ya kompyuta haichakai machoni pa watu. Inaendelea kuwaka kila asubuhi, inaendelea kutoa majibu, na kwa sababu hiyo watu huendelea kuiamini hata baada ya kuwa hatari.

Programu huwa kuukuu kwa namna tatu. Namna ya kwanza ni pale mtengenezaji anapoacha kuihudumia, yaani haendelei tena kuziba matundu ambayo wezi huyagundua. Kampuni ya Microsoft, kwa mfano, ilikoma kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Namna ya pili ni pale programu inaposhindwa kupatana na mitambo mingine iliyonunuliwa baadaye. Namna ya tatu, ambayo haitajwi sana, ni pale mtu aliyeielewa anapoondoka kazini, na waliobaki wanabonyeza vitufe bila kujua kwa nini jibu linatoka kama linavyotoka.

Ndugu Mwenyekiti, haya si maneno ya kutishana. Nitatoa mifano mitatu kutoka nchi zilizotutangulia kutumia mitambo hii, mifano ambayo imeandikwa na iko hadharani.

Mfano wa kwanza ni wa kampuni ya ujenzi ya Interserve, iliyokuwa na makao yake Berkshire, Uingereza. Mwaka 2020 mfanyakazi mmoja wa kampuni hiyo alipokea barua pepe ya ulaghai, akaipeleka kwa mwenzake, naye mwenzake akaifungua. Programu ya kinga iligundua uovu uliokuwamo, ikautenga, na ikatoa onyo. Onyo hilo halikuchunguzwa ipasavyo. Wavamizi wakaingia katika mifumo 283 na akaunti 16, wakaiondoa programu ya kinga yenyewe, kisha wakafunga kwa maandishi ya siri taarifa za wafanyakazi wa wakati huo na wa zamani wapatao 113,000. Zilikuwamo namba za akaunti za benki, na hata taarifa za afya, dini na ulemavu. Mwezi Oktoba 2022 Ofisi ya Kamishna wa Taarifa ya Uingereza iliitoza kampuni hiyo faini ya pauni milioni 4.4. Miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni kutumia programu zilizopitwa na wakati, kutowafundisha wafanyakazi vya kutosha, na kutopima hatari ipasavyo.

Hebu tutazame nani aliumia. Si mashine, na si faini peke yake. Aliyeumia ni fundi, karani na kibarua ambaye aliikabidhi kampuni siri zake ili apate ajira, na siri hizo zikaangukia mikononi mwa wezi. Tusidhani kwamba hayo ni mambo ya Ulaya tu. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019. Tanzania ilitunga ya kwake mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mwajiri anayeweka orodha ya vibarua wake katika kompyuta isiyo na ulinzi sasa ana wajibu mbele ya sheria, na wala si mbele ya dhamiri yake tu.

Kutokana na mfano huo mtu anaweza kusema: basi, tununue programu mpya na mambo yatakwisha. Mfano wa pili unatukanya tusifanye pupa. Kampuni ya M.A. Mortenson ya Marekani ilikuwa ikitumia programu ya kuandalia zabuni iliyotengenezwa na kampuni ya Timberline. Mwaka 1993 ofisi yake moja katika jimbo la Washington iliweka mfumo mpya wa mtandao wa kompyuta, na ile programu ya zamani haikuweza kupatana nao. Wakanunua nakala nane za toleo jipya. Yaani walifanya yale yale tunayoyahimiza: waliacha cha zamani, wakachukua cha kisasa.

Mwezi Desemba wa mwaka huo waliitumia kuandaa zabuni ya kazi katika hospitali ya Harborview mjini Seattle. Siku ya mwisho, bei za wakandarasi wadogo zilikuwa zikiingia kwa simu hadi dakika za mwisho. Mara kadhaa programu ilikataa na kuandika kwenye kioo kwamba imeshindwa kupata inachokitafuta. Watu waliendelea. Zabuni ikapelekwa, ikashinda. Kisha ikagundulika kwamba bei iliyoandikwa ilikuwa pungufu kwa kiasi cha dola milioni 1.95. Mtengenezaji alikwisha kuijua kasoro hiyo tangu Mei 1993, na baadhi ya wateja walikuwa wamepelekewa toleo lililorekebishwa. Mortenson hawakuwa miongoni mwao. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2000 Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo la Washington ikaamua kwamba masharti ya leseni yaliyokuja pamoja na programu yalikuwa halali, na masharti hayo yalisema kwamba fidia haitazidi ada iliyolipwa kuinunua. Hasara ya karibu dola milioni 2 ikabaki kwa mkandarasi.

Mfano wa tatu ni mfupi. Katika miaka ya 1980, kampuni ya James A. Cummings ya Florida iliandaa zabuni kwa jedwali la kompyuta. Mtu aliongeza mstari mmoja wa gharama za jumla, dola 254,000, lakini mstari huo haukuingia katika kujumlisha. Jumla ilionekana safi, imenyooka, imepigwa chapa vizuri. Ila ilikuwa si jumla ya kweli. Kampuni iliwashitaki watengenezaji wa programu hiyo, kisha ikaiondoa kesi.

Sasa tuiweke mifano hii pamoja. Kampuni moja ilichelewa kubadilika. Nyingine ilibadilika, lakini ikaingia katika kazi nzito kabla haijakijua chombo chake. Ya tatu ilikuwa na chombo kinachofanya kazi kama kilivyoagizwa, lakini hakuna aliyehakiki jumla. Katika mbili za kwanza mashine yenyewe ilitoa onyo. Kilichokosekana ni mtu mwenye wajibu wa kulisikiliza, na mwenye madaraka ya kusema: simamisheni kazi, tuangalie kwanza. Kwa maoni yangu, huo ndio moyo wa suala hili. Kununua programu ni kazi ya siku moja. Kuweka mtu mwenye elimu na mamlaka ya kuisimamisha ndiyo kazi hasa.

Wapo wakandarasi wanaosema: mfumo wetu unafanya kazi, kwa nini tuuguse? Hoja hii haifai kudharauliwa. Ujenzi wa daraja huchukua miaka, na kubadili daftari katikati ya mradi ni sawa na kubadili msingi wakati kuta zimekwisha simama. Tena mkandarasi mdogo ambaye hati zake za malipo hukaa miezi mezani hana fedha za kununulia programu, wala za kumpeleka karani wake mafunzoni. Hapo baadhi yetu tulio upande wa ofisi za umma tuna sehemu yetu ya lawama. Lakini hoja hiyo inajibu swali la lini na kwa namna gani. Haijibu swali la kama tubadilike au tusibadilike. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Namna yenyewe ni ipi? Kwanza, kampuni iorodheshe kila programu iliyonayo, nani anaitumia, nani anaielewa, na kama mtengenezaji bado anaihudumia. Pili, isafishe kumbukumbu kabla ya kuzihamisha; majina ya vibarua walioandikwa mara mbili na bei za miaka iliyopita zikihamishiwa katika mfumo mpya, uchafu ule ule utakuwa umehamia nyumba mpya. Tatu, mfumo mpya uanzie katika mradi mpya, nao ule wa zamani umalize miradi yake. Nne, kwa kipindi cha malipo kimoja au viwili, mifumo yote miwili ikokotoe hesabu zile zile, na kila tofauti itafutiwe sababu yake. Tano, ziwepo nakala za akiba zilizowekwa mbali na mtandao, na zijaribiwe kufunguliwa. Nakala ambayo haijapata kufunguliwa ni tumaini tu. Sita, masharti ya leseni yasomwe kabla ya kutia sahihi, na mtu apewe kazi ya kufuatilia marekebisho yanayotolewa na mtengenezaji.

Watumishi wa umma nao wana kazi yao. Tangu mwaka 2023 zabuni za umma nchini Tanzania hupitia mfumo wa NeST, uliochukua nafasi ya TANePS. Hiyo ni hatua. Lakini mfumo wa Serikali hupokea namba zilizoletwa. Hauwezi kujua kama namba hizo zilikokotolewa kwa uangalifu au kwa jedwali lenye mstari uliosahauliwa. Kwa hiyo ofisa anayetathmini zabuni asifurahie bei ndogo kwa sababu tu ni ndogo. Mkandarasi aliyekosea hesabu akapata kazi, ama atafilisika, ama atapunguza saruji, ama atakimbia na kuacha nguzo. Kumwuliza mapema ni kumlinda yeye, na ni kuilinda mali ya umma.

Vilevile ofisa anayeandaa mkataba adai michoro na kumbukumbu za jengo katika muundo wa wazi, unaoweza kufunguliwa na programu za makampuni mbalimbali. Muundo wa aina hiyo upo: unaitwa IFC, na ulitambuliwa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO 16739, mwaka 2013. Jengo la hospitali hutarajiwa kudumu miaka hamsini na zaidi. Hakuna anayeweza kuahidi kwamba programu iliyolichora itadumu hivyo. Ikiwa kumbukumbu za jengo haziwezi kusomwa ila kwa programu ya kampuni moja, basi siku kampuni hiyo itakapofunga milango, Serikali itakuwa na jengo lisilo na historia.

Na ninyi Ndugu Walimu, ambao mmekaa kimya mkisubiri zamu yenu, mnayo kazi kubwa kuliko wote. Karani aliyetazama jumla ya zabuni na kuiamini alifundishwa hesabu na mtu fulani. Mtoto akifundishwa kukadiria jibu kabla ya kukokotoa, akazoea kujiuliza kama jibu alilopata linaelekea kuwa kweli, atakuwa mkadiriaji majenzi ambaye hawezi kudanganywa na kioo cha kompyuta. Akifundishwa kunakili jibu tu, basi hata tukimpa mashine mpya kila mwaka atanakili kosa kwa haraka zaidi. Mfundisheni pia kwamba kuuliza swali si utovu wa adabu. Kosa la dola milioni 2 lingeweza kuzuiwa na mtu mmoja kijana ambaye angethubutu kusema: Mzee, mashine inakataa, tusipeleke kwanza.

Ndugu Mwenyekiti, nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani. Kampuni ya ujenzi yenye kompyuta zinazong'aa mapokezini inaweza kuwa na daftari bovu stoo. Tunapopita mbele ya jengo la umma linalojengwa kwa jasho la wananchi, tuulize mnara wake utakuwa na urefu gani, na pia tuulize hesabu zake zimeandikwa wapi, nani anazielewa, na nani ana ruhusa ya kusimamisha kazi zinapokataa kulingana. Mkandarasi asiyeweza kujibu maswali hayo matatu asipewe kazi mpaka atakapoweza.