Fidla Yenye Kovu

Leo Jumapili tunaomba tuzungumze juu ya ununuzi wa fidla kuukuu. Pengine mtu atajiuliza, fidla na Jumapili vinahusianaje? Tunamwomba avumilie kidogo.

Sisi wanakwaya wa mji mmoja wa pwani tulichangishana mwaka mzima, wengine kwa kukaanga maandazi, wengine kwa kubeba mizigo gatini, ili tupate fidla mbili. Mpya hatukuziweza. Tukaelekezwa kwa mfanyabiashara auzaye ala za mtumba zilizokwisha kutengenezwa. Ya kwanza iling'aa kama kioo, na ukichungulia tunduni ungeona karatasi yenye jina la Antonio Stradivari wa Cremona. Ya pili ilikuwa na kovu refu kifuani, na muuzaji mwenyewe aliionea haya. Tukazinunua zote, ile ya kwanza kwa bei iliyokaribia mara mbili ya mwenziwe.

Masika yalipoingia, ile yenye kung'aa iling'oka shingo. Tukaipeleka kwa mzee mmoja, mpigaji wa taarabu wa miaka mingi, ambaye pia hutengeneza udi na ganuni. Tulipomwonyesha lile jina, alicheka hadi machozi yakamtoka.

"Wanangu," akasema, "Stradivari alifariki mwaka 1737. Karatasi hizi zilibandikwa kwa maelfu katika fidla za Markneukirchen kule Ujerumani na za Mirecourt kule Ufaransa, zaidi ya miaka mia baada yake. Wengine waliziweka kuonyesha tu ni umbo la nani walilolifuata. Nyingi ni fidla njema za kujifunzia. Fidla haina kosa; kosa ni la anayetoza bei ya karatasi."

Kisha akatuonyesha jeraha. Fidla hushikizwa kwa gundi ipikwayo kutokana na ngozi za wanyama. Gundi hiyo hulegea kwa joto na maji, hata fundi ajaye aweza kuifungua kazi ya fundi aliyemtangulia pasipo kuvunja kitu. Tena mbao zikivimba au kunywea, aghalabu gundi huachia kabla ubao haujapasuka. Lakini aliyeitengeneza ya kwetu alitia gundi ngumu ya kiwandani, isiyofunguka. Nyuzi zilipoivuta shingo, iling'oka pamoja na vipande vya ubao. Fundi yule alitaka fidla iuzike. Habari ya mtu atakayeifungua tena hakuifikiri.

Mzee akaichukua ile yenye kovu, akaingiza kioo kidogo tunduni, akatuita tutazame. Ndani, juu ya ufa, vilipangwa viraka vidogo vya mbao, kila kimoja kimechongwa kwa uangalifu, mahali ambapo hakuna mnunuzi angeviona. Karibu na mguu mmoja wa daraja la nyuzi husimama kijiti chembamba kisichogundishwa, kinachoshikwa na mkazo peke yake. Waitaliano na Wafaransa hukiita roho. Ufa ukipita mahali pale upande wa mgongo, thamani ya fidla hushuka sana, na anayekwenda kununua na apatazame hapo kabla ya kutoa fedha. Bora zaidi afuatane na mtu aijuaye ala. Ufa wa fidla yetu ulikuwa mbali na hapo. Tulikuwa tumeuziwa kitu kizuri kwa bei nafuu, nasi tulikuwa tunakificha nyuma ya kabati.

Mwaka uliofuata tulitaka kuiuza ile ya kwanza. Sauti ilikuwa imerudi, na vanishi ya mzee ilikuwa imefunika kovu vizuri mno. Akaja mama mmoja, muuza samaki, akiitaka kwa ajili ya bintiye. Tukakaa kikao. Mmoja wetu akasema, "Kwani sisi tuliambiwa?"

Hakuna aliyemjibu. Tunakiri mbele yenu, wapenzi wasikilizaji, ya kuwa kimya kile kilikuwa kirefu, kwa sababu wengi wetu tulikuwa tumekwisha kuwaza vivyo hivyo. Aliyedhulumiwa hujiona ana deni la kulipwa, na mara nyingi huenda kulidai kwa mtu asiyemkosea.

Mwishowe tuliandika katika karatasi: shingo iling'oka, imegundishwa upya, jina lililomo ndani si la mtengenezaji. Tukapunguza theluthi moja ya bei. Mama akampa bintiye karatasi asome. Binti akasoma polepole mpaka mwisho, akaigeuza fidla, akapapasa shingo kwa kidole hata akalipata kovu.

"Ni hapa?" akauliza.

Tukamwambia, ni hapo. Mama akafungua fundo la kanga yake, akaanza kuhesabu.