Malkia Wengi, Chupa Moja

Mei 2025, mahakama jijini Nairobi iliwatoza watu wanne, wakiwamo vijana wawili wa Ubelgiji, faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, la sivyo kifungo cha miezi 12. Kisa ni sisimizi. Vijana hao walikutwa na takriban 5,000, wakiwa kwenye vichupa vyembamba vya maabara vyenye pamba.

Wapo watu Ulaya na Asia wanaofuga sisimizi kwa mapenzi ya kweli, na sina ugomvi nao. Kinachonisikitisha ni tamaa ya kurundika malkia wengi pamoja ili kundi likue haraka. Mtazame sisimizi mweusi wa bustani za Ulaya, Lasius niger. Malkia wawili au watatu huanzisha kiota pamoja na kulea mayai kwa utulivu, wakigusana kwa vipapasio. Vibarua wa kwanza wakishatoka, amani imekwisha: malkia huumana, kwa kawaida hadi abaki mmoja. Zipo aina ambazo malkia wengi hukaa pamoja siku zote, lakini hayo ni maumbile yao, mfugaji hawezi kuyalazimisha.

Na huyu wetu, Messor cephalotes, sisimizi mvunaji aliyekutwa kwenye vichupa vile? Malkia hujamiiana ujanani, akahifadhi mbegu za uzazi mwilini, akataga maisha yake yote. Ukimchukua yeye, umechukua pia vibarua ambao wangezaliwa wakavuna mbegu za nyasi. Maofisa wa wanyamapori wazidishe doria mvua zinapoanza, malkia wanaporuka kutafuta wenza.