Gia za Baiskeli: Zinakataa Kwenda Upande Gani?

Leo nataka kusema nanyi juu ya baiskeli zenye gia nyingi, zile ziitwazo baiskeli za milimani, na jinsi ya kutambua kwa nini gia zake hazibadiliki vizuri.

Mji wa Moshi uko takriban mita 800 juu ya bahari, na lango la Marangu liko zaidi ya mita 1,800. Mtu atokaye mjini kwenda Kibosho, Uru au Machame hupanda karibu safari nzima. Zile Raleigh na Phoenix za zamani, zenye gurudumu moja tu la meno kwa nyuma, wenyewe walizisukuma kwa mikono kila palipokuwa na mwinuko. Ndiyo sababu baiskeli za gia zimependwa huku, na nyingi ni za mitumba. Lakini gia ikikataa katikati ya kilima, nawe una mkungu wa ndizi nyuma, utashuka usukume kama babu zetu. Na cheni ikiruka ghafula wakati umesimama juu ya pedeli, waweza kuangukia usukani.

Mtu akipatwa na taabu hiyo, humwendea fundi na kusema, "Gia mbovu." Neno hilo halitoshi. Ni kama kumwambia daktari, "Mwili mbovu." Sikilizeni mazungumzo haya ya kijana na fundi mzee.

"Shikamoo mzee. Gia zimeharibika, nataka mpya."

"Marahaba, mwanangu. Zinakataa kwenda gurudumu kubwa au kurudi dogo?"

"Kurudi dogo. Kwenda kubwa hakuna shida."

"Basi usinunue gia. Tuutazame waya kwanza."

Mzee alijuaje? Tazameni nyuma ya baiskeli. Pana magurudumu ya meno, kubwa likiwa ndani karibu na spoku, dogo likiwa nje. Chini yake chaning'inia chombo chenye vigurudumu viwili vidogo. Mafundi wanacho kwa majina mengi. Katika somo hili nitakiita mkono wa gia. Ukibofya gia nyepesi, waya huvuta mkono huo kwenda ndani, kwenye gurudumu kubwa. Ukibofya gia nzito, waya hulegezwa, na springi ndiyo inayorudisha mkono nje. Basi kwenda ndani ni nguvu ya kidole chako, lakini kurudi nje ni nguvu ya springi peke yake. Waya ukiwa na kutu au tope ndani ya mrija wake, kidole kitaushinda, springi haitaushinda. Kwa hiyo gia inayochelewa kurudi gurudumu dogo, mara nyingi ugonjwa wake ni waya mchafu.

Huku kwetu ugonjwa huu ni wa kawaida sana. Wakati wa masika, Machi hata Mei, udongo mwekundu wa mlimani huingia kila tundu. Kiangazi, vumbi la barabara za chini huingia palepale. Kuhakikisha ni rahisi. Weka cheni kwenye gurudumu kubwa, simamisha pedeli, kisha bofya gia zote mpaka ile nzito kabisa bila kuzungusha. Waya utalegea, na katika baiskeli nyingi utaweza kuitoa mirija katika vishikizo vyake. Isogeze juu ya waya. Ikikwaruza au kukwama, umeona adui. Futa waya, tia tone la mafuta. Ukiwa umechakaa nyuzi, badili waya na mirija, vitu vya bei ndogo kuliko mkono mzima.

Kama gia inakataa kupanda gurudumu kubwa, mambo ni kinyume: waya umelegea. Pale waya unapoingia katika mkono wa gia, au kwenye usukani, pana kifundo cha kuzungushwa kwa vidole. Kizungushe kinyume cha saa, nusu duara tu, kisha jaribu. Haifai kukimbilia bisibisi.

Nasema hivyo kwa sababu ya zile skrubu mbili ndogo zenye herufi H na L. Someni herufi hizo vema. Hazisahihishi gia, ni mipaka tu. H huzuia cheni isianguke nje ya gurudumu dogo, na L huizuia isiingie katika spoku. Mtu akiilegeza L ovyo, cheni inaweza kuingia katika spoku na gurudumu la nyuma likakwama ghafula. Nimeona watu wakizizungusha hizo kwanza kuliko kitu chochote, na kwa maoni yangu huko ndiko baiskeli nyingi huharibiwa.

Ikiwa gia zinasumbua pande zote mbili, simama nyuma ya baiskeli uangalie kama vile vigurudumu viwili vimesimama wima chini ya magurudumu ya meno. Vikiinama, kile kipande cha chuma kinachoushika mkono kimepinda. Baiskeli za mitumba hupakiwa zikibanana, tena kuanguka mara moja upande wa kulia kwatosha.

Na cheni ikiruka unapokanyaga kwa nguvu bila kubofya gia yoyote? Hapo pima cheni kwa rula. Cheni mpya, pingili 24, ni inchi 12 kamili toka pini hata pini. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, ibadili. Ikizidi kwa moja ya nane, magurudumu ya meno nayo yamelika, na cheni mpya peke yake itaruka vilevile.

Juma lijalo tutasema juu ya breki za kuteremkia. Mwenye baiskeli na aje nayo darasani. Kwa herini.