Misalaba ya shaba ya Sanga

Neno letu leo ni 1 Timoteo 6:7. Paulo anamkumbusha Timoteo kwamba tulifika duniani mikono mitupu, na mikono mitupu tutaondoka.

Kando ya Ziwa Kisale, katika Haut-Lomami, kuna mahali panaitwa Sanga. Watu waliishi pale zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Tukienda kupatembelea, hatutaona kuta wala ngome. Habari zao zimebaki chini ya udongo, makaburini. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba, wakakuta wafu wamezikwa pamoja na vyungu, vyombo vya chuma na mapambo ya shaba. Hata watoto walipewa vyungu vyao, vidogo kama wao. Wazazi wale walilia kama sisi. Tusiwacheke.

Katika makaburi ya nyakati za baadaye kulikuwa na misalaba midogo ya shaba. Haikuwa alama ya Bwana wetu; wataalamu wanasema ilikuwa makuta ya wakati ule. Kule ziwani hakuna machimbo ya shaba. Ilitoka kusini, upande wetu huu, safari ya siku nyingi kwa miguu. Ikawekwa karibu na mikono ya marehemu. Miaka mamia ikapita, na wachimbaji wakaikuta palepale. Hakuna mfu aliyenunua nayo kitu.

Na sisi je? Kilio kikiingia katika familia, tunakopa: sanduku la bei kali, vikwembe vya namna moja, magari, chakula cha watu wengi. Tukirudi kutoka makaburini, mama mjane anaanza kuulizwa: lupango ni ya nani? Watoto wanafukuzwa masomoni kwa kukosa makuta. Tumemheshimu mfu, tumewanyang'anya aliowapenda. Yakobo 1:27 inatuambia dini safi mbele za Mungu ni kuwaangalia yatima na wajane katika taabu yao.

Wababa, wamama, vijana: kuzika vizuri si dhambi. Lakini kabla ya kuhesabu makuta ya sanduku, tuhesabu kwanza ya watoto. Na mjane akae katika nyumba yake kwa amani. Kama yuko mmoja katika ukoo wetu aliyefukuzwa, juma hili twende tumrudishe.

Baba, fungua mikono yetu tukingali hai. Katika jina la Yesu. Amina.