Msanii Bila Daftari ni Rahisi Kununuliwa

Maneno niliyoyasema kwa vijana wa chama kwenye semina ya jimbo. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka.



Mwenyekiti wa vijana, viongozi mlioko meza kuu, makamanda wote. Nimepewa dakika 20 niongelee sanaa na ajira. Mimi ni mchoraji. Nachora kuta, mabango, vibao vya maduka na fulana. Hiyo ndiyo kazi inayolipa kodi ya chumba na ada ya mwanangu, sina mshahara mahali pengine. Kwa hiyo sikuja kuwaambia mfuate ndoto zenu. Nimekuja na hesabu.

Ila kwanza niseme kwa nini hesabu ya msanii ni suala la siasa. Kila uchaguzi mnaona wenyewe. Msanii aliyekuwa anaimba shida za mtaa, kampeni zikianza tu unamkuta amevaa sare ya chama tawala, yuko jukwaani anakata mauno. Sisi huku mitandaoni tunamshukia: msaliti, chawa, ameuza utu. Jamani, baadhi ya hao watu mimi nawajua. Hawakubadili mawazo hata kidogo. Walikuwa wanadaiwa kodi miezi mitano, na studio imeshikilia kazi yao mpaka walipe. Anayekuja na bahasha siku kama hiyo anayajua madeni yako kuliko anavyozijua nyimbo zako.

Hoja yangu leo ni moja. Msanii anayeijua biashara yake ndiye mwenye uwezo wa kusema hapana. Asiyeijua, hata awe na msimamo wa chuma, njaa itamjadili.

Kwanza: bei

Tuchukue mfano. Mtu anataka umchoree ukuta wa duka. Anakwambia, "Nina laki nne, dogo, hiyo hela nzuri." Wewe unaona laki nne nzima nzima, unakubali. Sasa tupige hesabu. Rangi na praima 160,000. Kukodi jukwaa 30,000. Nauli na bodaboda wa kubeba vitu 40,000. Msaidizi siku nne kwa 20,000 kila siku, 80,000. Jumla 310,000. Umebaki na 90,000. Wewe umetumia siku mbili kubuni na siku nne kuchora, yaani siku sita. Gawanya. Ni 15,000 kwa siku. Fundi mkuu umelipwa chini ya msaidizi wako!

Anza upande wa pili. Jiulize siku yako moja ni shilingi ngapi. Tuseme 50,000. Siku sita ni 300,000. Ongeza 40,000 ya brashi zinazochakaa, bando na simu. Jumlisha na zile 310,000, unapata 650,000. Hiyo ndiyo bei ya ukuta ule. Mteja akisema ni kubwa, punguza kazi, usipunguze siku yako. Mwambie, kwa laki nne nakuchorea nusu ya ukuta, au maandishi bila picha. Hapo mnaongea kama wafanyabiashara wawili, wala hakuna aliyepiga magoti.

Pili: maandishi

Mkataba hauhitaji mhuri wa dhahabu. Karatasi moja inatosha kama inajibu maswali haya: nani na nani, kazi gani, inaisha lini, shilingi ngapi, marekebisho mara ngapi, na kazi itatumika wapi. Halafu weka malipo kwa awamu. Mimi nachukua nusu kabla sijanunua rangi, asilimia 30 kazi ikifika katikati, 20 siku ya kukabidhi. Mteja anayekataa kutoa kianzio anakupa taarifa mapema, mshukuru uondoke.

Na mkikubaliana kwa WhatsApp, usifute zile meseji. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa kielektroniki unaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi. Baada ya kuongea na mteja kwa simu, mwandikie: "Bosi, kama tulivyokubaliana..." halafu orodhesha. Akijibu "sawa", umepata pa kushika.

Tatu: haki yako

Hoteli moja ya ufukweni, jina nalihifadhi, ilinipa kazi ya ukuta wa mgahawa. Baada ya miezi sita nikawaona samaki wangu kwenye fulana zinazouzwa pale pale mapokezi. Karatasi yetu ilikuwa imeandikwa "ukuta wa mgahawa tu". Nikapeleka nakala ya karatasi na ankara mpya ya matumizi ya fulana. Meneja alifoka kweli kweli, ukuta ni wangu, rangi nimenunua mimi. Sikubishana naye, nikamwonyesha mstari ule. Wiki ya tatu walilipa.

Msingi wake uko kwenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Haki inaanza pale unapoiumba kazi, si pale unapoisajili. Kusajili COSOTA kunakusaidia kuthibitisha, kwa hiyo nenda kasajili. Haki za kiuchumi zinadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Ina maana wajukuu zako wanaweza kula kwenye wimbo ulioutunga ukiwa na miaka 19. Ukisaini kuuza "haki zote" kwa laki mbili, umewauza na wao.

Lakini ujue pia sheria inapoishia. Inalinda picha, hailindi staili. Muangalie Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, akauza Oysterbay. Mwaka 1972 akafa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Miaka minne tu! Leo staili yake unaikuta kila duka la watalii Afrika Mashariki, na wengi wanaoiuza hata hawajui kwamba Tingatinga lilikuwa jina la mtu. Kilichookoa riziki ya wanafunzi wake ni kwamba walijipanga pamoja, na mwaka 1990 wakawa ushirika. Jina la mtu mmoja limelisha familia nyingi kwa sababu watu walikaa kikao.

Nne: daftari na umoja

Nunua daftari la shilingi elfu mbili. Kila hela inayoingia, andika. Kila inayotoka, andika, hata ya maji ya kunywa saiti. Namba ya simu ya kazi iwe tofauti na ile unayotumiwa na mama hela ya dawa. Chukua TIN, kwa sababu taasisi yoyote ya maana haitakulipa bila TIN na ankara. Wakikukata kodi ya zuio, dai cheti chake. Bila cheti utajikuta unalipishwa tena mara ya pili.

Halafu jikusanyeni. Kisheria kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa 2024. Hiyo ni hela ya ushuru wa mama zetu sokoni, si hisani ya mkuu wa wilaya. Kikundi cha wachoraji au wapiga picha kina haki ya kuomba kama kikundi cha bodaboda. Ila mtaulizwa: mapato yenu yako wapi? Bila daftari, mtakuwa mnalalamika tu kwamba wanapeana wao kwa wao. Mkiwa na daftari, mkinyimwa mnaweza kwenda kwa maandishi kuuliza kwa nini.

Sasa neno kwa chama chetu

Hili litawaudhi baadhi, mnivumilie. Tukiandaa mkutano wa hadhara, mwenye jenereta analipwa. Mwenye spika analipwa. Mama wa chakula analipwa, na ni haki yake. Aliyechora bango na aliyetunga wimbo wanaambiwa, "Kamanda, huu ni mchango wako kwa mapambano." Halafu tunashangaa msimu ukifika wanachukuliwa na upande wa pili! Hatuwezi kulia kwamba serikali haiheshimu kazi ya vijana wakati sisi wenyewe hatuilipi.

Napendekeza jambo dogo. Kila kazi ya sanaa kwenye tawi iandikiwe ankara. Kama hela ipo, ilipwe. Kama haipo na msanii ameamua kuchangia, iandikwe: kazi ya 150,000, amechangia fulani. Isomwe kwenye taarifa ya mapato kama michango mingine. Hapo mtu anakuwa mchangiaji, anaacha kuwa mtu wa kutumwa.

Na tusidanganyane kwamba daftari linatibu kila kitu. Machi 2017 Ney wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo "Wapo", BASATA ikaufungia, kisha ukafunguliwa baada ya wakubwa kuamua. Mahali ambapo wimbo unafungwa kwa amri na kufunguliwa kwa amri, hakuna hesabu itakayokulinda peke yake. Ndiyo maana tuko kwenye chama. Sugu aliingia bungeni mwaka 2010, Profesa Jay mwaka 2015, wote wawili wametoka kwenye maiki. Sheria mbaya zinabadilishwa na watu waliojipanga. Lakini aliyejipanga lazima awe amekula, na awe amekula cha kwake.

Kwa hiyo kabla hatujakutana tena mwezi ujao, kila msanii hapa afanye mambo matatu. Apige hesabu ya siku yake moja ni shilingi ngapi. Aandike karatasi yake moja ya makubaliano, aje nayo tuisome pamoja. Anunue daftari. Mimi nitakuja na langu, mtalikagua, na mkikuta nimemchorea diwani bure, mniulize.

Aluta continua!