MANENO YA KATIBU WA TAWI: HESABU YA BARABARA YETU ISOMWE HADHARANI



Waliokosa mkutano wa tawi wa Jumapili wameomba maneno ya Katibu yawekwe hapa. Ni haya, kama yalivyosomwa.

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe,

Barabara ya kwenda zahanati ilichongwa kabla ya masika. Greda lilikuja, moramu ikamwagwa, kalavati likawekwa pale bondeni. Mvua ya pili tu, kalavati likazolewa. Leo bodaboda wanashusha abiria ng'ambo, na mgonjwa anavushwa kwa miguu, hata mama mjamzito.

Hatumtuhumu mtu. Tunauliza kwa sababu fedha ni yetu. Kila lita ya petroli na dizeli ina tozo ya barabara ndani yake. Katika bajeti ya 2021/22 iliongezwa sh. 100 kwa lita kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na TARURA. Kijana wa bodaboda anayetumia lita 3 kwa siku anatoa sh. 300 kwa nyongeza hiyo peke yake. Kwa siku 26 za kazi ni sh. 7,800 kwa mwezi. Mama asiye na hata baiskeli naye analipa, ndani ya nauli na ndani ya bei ya sukari.

Anayelipa hudai risiti. Kwa hiyo tunaomba mambo manne yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji:

1. Mkataba ni wa shilingi ngapi, na mkandarasi ni nani.
2. Orodha ya kazi: kilomita ngapi, moramu ya unene gani, makalavati mangapi na ya ukubwa gani.
3. Mkandarasi amelipwa kiasi gani mpaka leo, na kwa kazi ipi.
4. Kipindi cha matazamio kinaisha tarehe ngapi.

Hilo la nne ndilo la haraka. Kwa kawaida ya mikataba ya ujenzi, sehemu ya fedha ya mkandarasi huzuiwa mpaka kipindi cha matazamio kiishe. Kasoro ya kazi ikionekana ndani ya muda huo, anarudi kuirekebisha kwa gharama yake. Muda ukipita, anakabidhiwa fedha yake iliyobaki, na kalavati lile lile tunalilipia mara ya pili. Hapakuwekwa kibao cha mradi, hivyo hatujui kama tumebakiwa na miezi au siku.

Tumefanya nini? Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa, na ofisi kujibu ndani ya siku 30. Barua imepelekwa, nakala yenye muhuri wa kupokelewa iko kwa Katibu, mwenye kutaka kuiona aje. Pia tumeomba suala hili liwe ajenda ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria hukaa kila miezi mitatu. Ripoti ya CAG ya kila mwaka inasaidia, lakini inaangalia nchi nzima. Kalavati la bondeni tutalihesabu sisi.

Jambo la mwisho ni letu wenyewe. Mwaka jana tawi lilichangisha sh. 612,000 za mawe ya kivuko, na hesabu yake haikusomwa mpaka leo. Kosa hilo ni letu, na hatuwezi kudai kwa wengine tusichofanya nyumbani. Hesabu sasa imebandikwa mlangoni pa ofisi ya tawi. Risiti zipo za sh. 571,000. Sh. 41,000 zililipwa kwa tripu moja ya trekta bila risiti. Mwenye swali aulize, atajibiwa.

Ndugu zangu, tarehe ya mkutano wa kijiji ikitangazwa, twendeni wote, na wa vyama vingine tuwaite. Shimo haliulizi kadi. Twende bila matusi, na maswali yale manne yameandikwa. Tusiondoke mpaka tarehe ya matazamio itajwe na iandikwe kwenye muhtasari.



Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Kamati ya Utendaji ya Tawi.

Tafadhali mtumie na jirani asiye kwenye kundi.